Mishale Midogo Kwenye Kilima Kijani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chepchumba alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko kufagia na kuliko kuchota maji. Alifungua kufuli la duka la mama yake, lililokuwa kando ya barabara kuu mjini Kakuma, akachukua kitambaa kikavu na kupangusa kompyuta. Vumbi la Kakuma halina adabu. Hata uzibe kila ufa wa mabati kwa magazeti, asubuhi utalikuta limelala juu ya kibodi kama mgeni aliyefika bila taarifa.

Chepchumba alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alisoma darasa la saba. Familia yake ilikuwa imehamia Turkana kutoka Iten kwa sababu ya kazi ya baba yake katika idara ya maji. Baba alikuwa Lokichoggio siku nyingi kuliko alizokuwa nyumbani. Mama yake, ambaye wateja walimwita Mama Chepchumba, alikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa nakala. Kulikuwa na kompyuta moja, printa moja, na benchi moja la wateja ambalo mguu wake mmoja ulikuwa tofali.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imezeeka. Ukiiwasha, ilinguruma, ikakohoa, ikafikiri kwa muda mrefu, kisha skrini ikaonyesha picha ya kilima kijani chini ya anga ya samawati. Watoto waliopita njiani walisimama mlangoni kukitazama kilima hicho. Nje hapakuwa na kitu cha kijani ila mathenge, mti wa miiba ambao hata mbuzi huula shingo upande.

Mama alikuwa na mtindo wake wa kazi. Stima ya duka ilitoka kwa jenereta ya jirani yao Awan, na jenereta hiyo ilizimika ilivyotaka. Kwa hiyo kazi zenyewe Mama alizihifadhi ndani kabisa ya kompyuta, kwenye folda moja, na juu ya kile kilima kijani akaweka alama ndogo za kuzifungulia. Stima ikirudi, angebofya alama tu na kuipata kazi ya mteja mara moja. Kila alama ilikuwa na mshale mdogo pembeni. Hakuna aliyejiuliza mishale ile ni ya nini.

Alama moja iliandikwa WALIOPOTEZANA. Hiyo ilikuwa kazi ya Mchungaji Gatkuoth, mzee mrefu kutoka Sudan Kusini aliyeongoza kanisa dogo ndani ya kambi ya wakimbizi. Kwa miaka miwili alikuwa amewaleta waumini wake dukani, mmoja mmoja, nao wakamsimulia Mama habari za ndugu waliopotezana nao vitani. Mama alichapa jina, jina la baba na la babu, kijiji, alama za mwilini, na hata rangi ya fahali ambaye kijana alijiita kwa jina lake, kwa kuwa huko kwao mtu anaweza kutambuliwa kwa fahali wake. Orodha ilikuwa imefika watu mia sita na kumi na wawili. Madaftari ya kwanza ya mchungaji yalikuwa yameharibiwa na mafuriko ya mto Tarach, na vikongwe wawili waliosimulia mengi kuliko wote walikuwa wamekwisha kufariki. Kilichobaki kilikuwa ndani ya kompyuta ile.

Mstari wa mia mbili na kumi na nne ulikuwa wa Nyaruach, rafiki wa Chepchumba. Walikaa dawati moja. Nyaruach alikuwa amepotezana na kaka yake Yien mtoni walipokuwa wakikimbia. Kila alipokuja dukani aliomba orodha ifunguliwe, akaweka kidole kwenye skrini palipoandikwa jina hilo.

"Yupo," alikuwa akisema. Kisha huenda zake.

Kazi ya pili ya Chepchumba ilikuwa ya Ijumaa. Kabla ya Awan kuzima jenereta jioni, alichomeka flashi na kunakili kazi zote. Alizivuta zile alama kutoka kwenye kilima hadi kwenye flashi, moja moja. Baadaye alifungua WALIOPOTEZANA kutoka kwenye flashi, akaiona orodha yote imefunguka, akaenda kwenye kalenda ya ukutani na kuandika: Imenakiliwa. Mama alijivunia sana jambo hilo. Aliwaambia wateja, "Hata mashine hii ikifa leo, binti yangu ameiweka akiba." Chepchumba alijifanya hasikii, lakini alisikia kila neno.

Mwaka 2013 ulipoanza, mzee kompyuta alianza kugoma. Aliganda katikati ya barua. Virusi walikuwa wamejaa ndani yake kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Halafu ofisi moja kambini ikatangaza kwamba ingepokea orodha za waliopotezana hadi mwisho wa Februari, ili majina yatafutwe katika nchi tatu. Orodha zilitakiwa kuandikwa kwenye fomu mpya iliyotumwa kwa kompyuta. Mama alijaribu kuifungua fomu hiyo mara tano. Kompyuta ilikataa mara tano.

"Si fomu iliyo mbovu," alisema Onésphore, Mkongo aliyepiga picha za pasipoti katika duka la pili. "Ni mashine yako, Mama. Mfumo endeshi wake ni wa zamani sana."

Mfumo endeshi ni programu kuu. Ndio unaoiamsha kompyuta na kuziamuru programu nyingine zote. Kompyuta ikiwa na mfumo wa zamani, mambo mapya huyaona kama mtu aliyesahau miwani nyumbani.

"Basi niweke mfumo mpya?" Mama aliuliza.

"Ooh, mama, miye sisemi uweke! Miye niliweka. Printa yangu ikakataa kabisa kabisa. Iko pale tangu mwezi wa tisa. Naweka sahani juu yake."

Mama hakucheka. Usiku ule alikula kidogo sana. "Nikiuacha mfumo wa zamani, orodha ya mchungaji haitapokelewa," alimwambia Chepchumba. "Nikiuweka mpya na mashine ikafa, tutakula nini? Naogopa hapa na naogopa pale." Mwishowe aliamua kwamba kuuliza si ujinga. Jumamosi wangeipeleka kompyuta Lodwar kwa Fundi Morgan, wamsikie yeye kwanza.

Alhamisi ya wiki hiyo, Mwalimu Makena wa darasa lao alimwomba Chepchumba insha yake ya mashindano. Chepchumba alikuwa ameichapa dukani na kuinakili pamoja na kazi nyingine, basi akaipeleka flashi shuleni. Wakati wa mapumziko mwalimu aliichomeka kwenye kompyuta yake ndogo. Alama zote zilitokea, kila moja na mshale wake. Akabofya insha. Haikufunguka. Skrini ikaandika kwamba faili haikupatikana.

"Jaribu nyingine, mwalimu," alisema Chepchumba.

Mwalimu Makena alibofya WALIOPOTEZANA. Faili haikupatikana.

"Unaiona mishale hii?" mwalimu aliuliza. "Hizi si faili, Chepchumba. Hizi ni njia za mkato. Zinaelekeza tu mahali faili ilipo. Umebeba kibao cha duka, bidhaa zenyewe zikabaki dukani."

"Lakini nyumbani zinafunguka!"

"Nyumbani zinafunguka kwa sababu faili zenyewe ziko palepale ndani ya kompyuta yenu. Ukiwa mbali nayo, huna kitu. Leo ukifika nyumbani, ingia kwenye folda ya ndani unakili faili zenyewe. Sawa?"

"Sawa, mwalimu."

Chepchumba hakusikia somo lolote mchana ule. Alihesabu Ijumaa alizoandika Imenakiliwa kwenye kalenda, akafika themanini na kitu, akaacha. Kengele ilipolia alikimbia hadi dukani bila kumngoja Nyaruach. Alitaka kunakili haraka, yaishe, na mtu yeyote asijue.

Duka lilikuwa kimya. Mama alikuwa amekaa nje akijipepea kwa kipande cha boksi. "Awan hana dizeli," alisema. "Lori limekwama huko njiani kutoka Kitale. Hakuna stima leo."

Ijumaa pia hapakuwa na stima. Chepchumba alikwenda kwa Awan mara nne kuuliza, mpaka Awan akamwambia, "Binti, dizeli haiji kwa kuulizwa."

Jioni ile Mama alikuwa akiifunga kompyuta ndani ya blanketi kwa ajili ya safari. "Leo hujanakili, lakini si kitu," alisema. "Ya Ijumaa iliyopita inatosha. Sijaongeza jina lolote wiki hii."

Chepchumba alifungua mdomo. Alitaka kusema. Kweli alitaka. Lakini wakati huohuo kivuli kirefu kilianguka mlangoni, Mchungaji Gatkuoth akainama kuingia, na Nyaruach nyuma yake.

"Mama, tumekuja kuaga hii mashine," alisema mchungaji. "Mimi naogopa kidogo. Watu wangu wote wako ndani ya hilo blanketi."

"Usiogope, Mchungaji. Hata fundi akifuta kila kitu, watu wako wote wako hapa." Mama aliinua flashi juu waione. "Mtoto huyu huwanakili kila Ijumaa."

"Hata Yien?" aliuliza Nyaruach.

"Hata Yien. Siyo, Chepchumba?"

Watu watatu walimtazama. Chepchumba hakuiogopa fimbo sana, maana fimbo huuma ikaisha. Aliuogopa uso wa Nyaruach. Akaitikia kwa kichwa.

Nyaruach alivua uzi wa shanga nyekundu aliouvaa shingoni, akaupitisha kwenye tundu la ile flashi, akamvisha rafiki yake. "Ili isianguke njiani," alisema.

Jumamosi alfajiri walipanda basi lililotoka Lokichoggio. Mama aliipakata kompyuta kama mtoto mchanga. Mbele ya basi walikaa askari wawili wenye bunduki, kwa kuwa barabara ile ilikuwa na majambazi. Walipofika kwenye makorongo abiria walinyamaza wote. Mama mmoja wa Kiturkana aliyekaa kando yao alimwona Chepchumba akitetemeka, akampapasa mkono. "Ejok, mtoto, ejok, ni salama," alisema. "Askari wako. Sisi tunapita tu."

Chepchumba hakuwa akiwafikiria majambazi. Kila basi liliporuka, flashi ilimgonga kifuani. Alijiambia kwamba Lodwar kuna stima. Huko fundi akiiwasha kompyuta, angeomba dakika kumi, anakili faili zenyewe, na mambo yaishe salama bila aibu. Huo ndio mpango aliokuwa nao. Mwoga hakosi mpango.

Karakana ya Fundi Morgan ilikuwa chumba kimoja chenye joto karibu na soko la Lodwar, na ilijaa matumbo ya kompyuta zilizokufa. Morgan alikuwa mtu mwembamba, na miwani yake ilifungwa kwa waya.

"Karibu, Mama. Leteni mgonjwa tumwone," alisema.

Aliifungua kompyuta, akapuliza vumbi, akapiga chafya mara mbili. Aliwasha, akapima, akabofya hapa na pale. Chepchumba alisimama karibu, akisubiri nafasi yake. Mama alimweleza fundi woga wake wote, tangu fomu mpya hadi sahani ya Onésphore.

"Mama, kila mtu huniuliza niweke au nisiweke," alisema Morgan. "Mimi huuliza kwanza. Mashine yenyewe itaubeba mfumo mpya? Hii ni nzee, lakini ina moyo. Kumbukumbu yake ndiyo ndogo, nitamwongezea kipande nilichotoa kwa marehemu yule pale. Printa yako ni aina gani?"

Mama alimtajia. Morgan alitafuta ndani ya boksi la sidii akitikisa kichwa, kisha akatabasamu. "Iko sidii yake. Printa itaelewana na mfumo mpya. Rafiki yako wa sahani hakuuliza hili swali kabla ya kubadilisha, aliuliza baada. Sasa lile la mwisho. Virusi wamejificha kila kona humu, kwa hiyo nitafuta diski yote, isibaki hata herufi moja. Vitu vyenu mmevinakili kwingine?"

"Vyote," alisema Mama. "Viko kwenye flashi hiyo shingoni mwake. Unaweza kuangalia."

Morgan aliinua mikono. "La, Mama! Flashi za Kakuma zimeniulia mashine mbili. Neno lako linanitosha."

Alizima kompyuta, akaongeza kile kipande cha kumbukumbu, akatia diski ya mfumo mpya. Yote yalikwenda haraka kuliko Chepchumba alivyotarajia. Ule muda wa dakika kumi alioungoja haukutokea. Kilima kijani hakikurudi. Badala yake skrini ikawa na maandishi tu, na swali moja katikati: kila kilichomo kitafutwa, uendelee?

Morgan alirudi nyuma, akajipangusa mikono. "Hapa mimi sibonyezi," alisema. "Sheria ya karakana yangu. Mwenye mali ndiye hubonyeza, asije akaniambia kesho mimi ndiye niliyefuta."

Mama alinyoosha kidole. Akakirudisha. "Jamani, naogopa," alisema, akacheka kwa aibu. Kisha akamgeukia Chepchumba, akamshika bega, akamsogeza mbele ya kibodi. "Bonyeza wewe, mwanangu. Wewe ndiye uliyeilinda kazi hii miaka miwili. Heshima hii ni yako."

Chepchumba aliitazama kibodi. Kitufe kilikuwa kimoja tu, na kidole chake kilikuwa juu yake. Akibonyeza, hakuna mtu ambaye angejua leo. Wangejua wiki ijayo, na angeweza kusema flashi imeharibika, maana flashi huharibika kila siku. Akaona kidole cha Nyaruach kwenye skrini. Yupo. Na baada ya kitufe hiki asingekuwapo.

"Mama," alisema, na sauti yake ikatoka kama ya mtu mwingine. "Sibonyezi. Flashi haina kitu."

"Unasemaje?"

"Haina kitu! Ni mishale tu! Nilinakili mishale, Mama, sikunakili orodha. Usibonyeze. Nakuomba usibonyeze!"

Akalia kwa nguvu hata watu wa sokoni wakachungulia mlangoni. Fundi Morgan alinyoosha mkono na kuizima kompyuta kabisa. Kisha alichukua ile flashi, akaichomeka kwenye mashine kuukuu aliyoiweka pembeni kwa ajili ya vitu vyenye virusi. Alama zilitokea. Akabofya moja baada ya nyingine. Faili haikupatikana. Faili haikupatikana.

"Anasema kweli," alisema fundi kwa sauti ya chini. "Njia za mkato tupu."

Mama alikaa kwenye boksi tupu la karatasi. "Ulijua lini?"

"Alhamisi. Mwalimu Makena alinionyesha."

"Alhamisi. Kwa hiyo jana, Nyaruach alipouliza kuhusu kaka yake..."

"Nilijua, Mama."

Mama hakumpiga. Hakupaza sauti. Alifunika uso kwa leso yake, na mabega yake yakatikisika. Chepchumba alikuwa hajawahi kumwona mama yake akilia mbele ya mtu asiye wa nyumbani. Ingekuwa afadhali angempiga.

Fundi Morgan alikohoa. "Mama, hatujafuta chochote. Sikiliza." Alitoa ile diski ya mfumo mpya, akawasha kompyuta tena. Ilinguruma. Ikakohoa. Ikafikiri kwa muda mrefu sana. Kisha kilima kijani kikatokea, na juu yake alama zote zilikuwa palepale.

"Sasa kaa hapa," Morgan alimwambia Chepchumba. "Machozi futa baadaye. Ingia kwenye folda ya ndani. Umeiona orodha? Ina mshale?"

"Haina."

"Hiyo ndiyo bidhaa. Ichukue."

Aliinakili kwenye flashi kwa mkono wake mwenyewe, kisha kazi nyingine zote na ile fomu ya ofisi, na Morgan akaziandika tena kwenye sidii mbili. Baadaye waliifungua orodha kwenye ile mashine kuukuu, ambayo haikuwahi kuiona maishani mwake. Majina yakajaa skrini. Mama aliinuka, akasogea, akateremsha kipanya hadi mstari wa mia mbili na kumi na nne. Aliusoma kimoyomoyo. Kisha akasoma wa mwisho, wa mia sita na kumi na wawili.

"Wako wote," alisema. "Fundi, hata sasa bado naogopa."

"Ogopa tu, Mama. Kwanza hukujua hata cha kuogopa. Sasa unajua, na umejiandaa. Mashine ikifa leo, utalia kwa ajili ya mashine peke yake."

Mama alifikiri. "Tuweke," alisema. "Orodha ikae humu bila kupokelewa na ofisi, itatusaidia nini?" Akamtazama binti yake, na uso wake ulikuwa bado mkali. "Chepchumba. Njoo ubonyeze."

Chepchumba alibonyeza. Alizitazama asilimia zikipanda polepole, wala hakuyakwepa macho ya mtu. Saa mbili baadaye kompyuta iliamka ikiwa na sura mpya. Kilima kijani hakikuwapo tena. Fomu ya ofisi, iliyorudishwa kutoka kwenye sidii, ilifunguka mara ya kwanza tu, na kwa mara ya kwanza siku ile Mama alicheka. "Onésphore atatafuta mahali pengine pa kuweka sahani," alisema.

Walilala kwa binamu wa baba. Walirudi Kakuma Jumapili, na njiani Mama alisema jambo moja tu. "Utawaambia wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Jioni ile walikwenda kambini, kwenye kanisa la udongo lenye paa la mabati. Mchungaji Gatkuoth alikuwa akipanga viti, na Nyaruach alikuwa akifagia. Chepchumba alisimama mbele yao akiwa ameshika uzi wa shanga. Alisema yote, tangu mishale hadi kile kitufe. Hakuruka pale alipoitikia kwa kichwa.

Nyaruach aliuacha ufagio ukaanguka. Akatoka nje. Walimwona kupitia mlangoni akiwa amesimama na mgongo wake kwao. Alikaa huko muda mrefu, na Chepchumba akajua kwamba urafiki umekwisha. Kisha Nyaruach alirudi, macho mekundu.

"Ungeniambia Alhamisi," alisema. "Tungekwenda kuitafuta dizeli pamoja. Kwa nini uliogopa peke yako?"

Chepchumba aliinama, akauokota ule ufagio.

Mchungaji Gatkuoth aliketi kwenye kiti kimoja, akawaonyesha viti vingine waketi. "Mimi nilichunga ng'ombe nikiwa mdogo kuliko wewe," alimwambia Chepchumba. "Kwetu mtoto akipoteza ndama, lazima aseme jioni ileile. Kupoteza si dhambi, ndama wana akili zao. Akisema jioni, wanaume wanafuata nyayo, wanampata. Akiogopa, akinyamaza siku tatu, upepo unafuta nyayo. Hapo hata baba asipokasirika, ndama hayuko." Alimnyooshea mkono. "Wewe ulisema wakati upepo ulikuwa mlangoni. Umechelewa, lakini ulisema."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," aliongeza Mama. Alimtazama binti yake, na safari hii ukali ulikuwa umepungua. "Kosa lako lilikuwa la mtoto asiyejua, na mimi mwenyewe sikujua. Mimi ndiye niliyekuonyesha kunakili hivyo. Kama ungeniambia siku ileile, tungelicheka sote. Kunyamaza kwako ndiko kulikotaka kuwafuta watu mia sita. Ukikosea tena, na utakosea, njoo uniambie hata kama nimekasirika."

"Nimesikia, Mama."

Orodha ilipelekwa ofisini siku nne kabla ya mwisho wa Februari. Majibu ya mambo hayo huchukua miaka, na mchungaji aliwaambia watu wake wasubiri kwa maombi.

Kazi ya Ijumaa iliendelea, lakini kwa utaratibu mwingine. Chepchumba alinakili faili zenyewe, kisha akaipeleka flashi kwa Mwalimu Makena na kuifungua kwenye kompyuta yake, mbali na duka. Hakuandika Imenakiliwa kwenye kalenda mpaka Nyaruach, aliyeketi kando yake, awe ameshuka hadi mstari wa mia mbili na kumi na nne na kuusoma kwa sauti: jina la kaka yake, la baba yao, la babu yao, na rangi ya fahali wake.

"Yupo," husema Nyaruach. Ndipo Chepchumba huandika.